Kanga Juu ya Cherehani

Binti aliyetumwa na makao makuu alizunguka akiwauliza mafundi swali moja: "Kutoka moja hadi tano, na tano ndiyo ya juu, unahisi kiwanda hiki ni chako kiasi gani?"

"Changu?" Bi Saumu alicheka, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. "Mwanangu, hii mali ya tajiri. Mimi kibarua tu. Andika moja."

Binti hajageuka bado, wakaingia wachukuzi wanne kuichukua cherehani ile kuukuu ikauzwe kama chuma chakavu. Bi Saumu aliinuka kuwapisha. Kisha akachukua kanga aliyozoea kuifunika nayo kila jioni, akaitandaza juu yake, akaziweka sawa pindo zake. Wachukuzi, waliokuwa wakitaniana, wakanyamaza. Bila kuambiwa na mtu, wakaipandisha mabegani.

Aliwafuata hadi mlangoni, akaishia hapo, kama wanawake wanavyoishia mlangoni jeneza likitoka.

"Bi Saumu," binti aliita taratibu, "niiache ile moja?"

 Macho ya Bi Saumu yalikuwa njiani, na mguu wake wa kulia uliendelea kukanyaga sakafu tupu, polepole, kama mtu anayemalizia pindo.