Mshono wa Nyuma Kushoto

"Hapa hapakuchomelewa, hapa palitapikiwa," alisema Duane Prochnow, akipitisha kidole kwenye mshono wa nyuma wa gari dogo la kijani.

Watu waliomzunguka wakacheka. Ilikuwa Jumapili mchana, kando ya Ziwa Michigan, kwenye uwanja uliobaki mtupu kiwanda cha magari kilipobomolewa. Soseji zilikuwa zinachomwa. Kila mwaka wenye magari ya kiwanda kile hukutana pale, na Duane ndiye mwamuzi mkuu. Hatafuti gari zuri. Anatafuta lililobaki vilevile lilivyotoka kiwandani, na aliyelitengeneza likawa bora zaidi ananyang'anywa alama.

Gari hilo liliitwa Finch. Mwaka 1970 wakubwa wa kiwanda walishtuka kuona vigari vya Wajapani na Wajerumani vimejaa barabarani, wakataka chao, haraka na kwa ubahili. Wakachukua gari lao kubwa, wakalikata matako, wakaziba pengo kwa kioo, wakaliita jipya. Pua ndefu mbele, nyuma hamna kitu. Abiria wa kiti cha nyuma alikaa magoti kidevuni. Amerika nzima ililicheka, na mimi sioni ilikosea wapi.

Mwenye Finch hii ya kijani alikuwa Lorraine Stachowiak, bibi wa miaka themanini na nne aliyekuja peke yake. Jumatano alikuwa anahamia nyumba ya wazee. Makumbusho ya mji yalikubali kulipokea gari lake, mradi tu Duane alipatie cheti kwamba ni halisi. Bila cheti, mpwa wake angelipeleka likapondwe pamoja na vyuma chakavu.

"Ufunguo," Duane aliamuru. Ulikuwa umening'inia kwenye kidude cha shaba chenye namba 88. "Huu ndio umri wako, bibi?"

"Bado minne," Lorraine alijibu.

Wakacheka tena. Duane akautia ufunguo mfukoni. Alipenda sana kutazamwa. Mkanda wake ulikuwa na bamba la chuma lenye 417, namba yake ya kazi enzi za ujana, naye alilipigapiga kila alipofungua mdomo.

"Nimechomelea hapahapa miaka kumi na miwili," alisema, akilipiga. "Siku zile gari likirudishwa na mteja kwa kosa lako, kesho huna kazi. Langu halikurudi hata moja! Hata wiki ya kuwinda kulungu, wenzangu wamelala porini na chupa zao, mimi niko kwenye laini ya kuunda magari."

"Hongera," alisema Lorraine.

"Sasa tazama huu wako. Unapanda, unashuka, hapa umeruka kabisa. Marehemu mumeo alikuwa fundi?"

"Alikuwa mwokaji mikate."

"Nilijua tu!"

Mtu mmoja alicheka hadi akamwaga haradali kwenye shati. Lorraine alisubiri wamalize.

"Hakuligusa. Nililinunua jipya, Novemba 1973. Liko vilevile."

"Ulilinunua hivi? Na macho unayo?"

"Mshono niliuona. Nilijua akilichukua mtu mwingine atalirudisha."

Duane akawageukia wasikilizaji, mikono juu. "Jamani mmesikia? Kalionea huruma gari! Haya, tuseme ni kazi ya kiwandani. Mkaguzi je? Mkaguzi gani atapitisha uchafu kama huu? Labda kipofu, au mlevi." Akachukua fomu, akaandika kwa herufi kubwa: MSHONO SI WA KIWANDANI. "Cheti hakuna, bibi. Mpigie mpwa wako."

Lorraine akaelekeza kidole ndani ya gari.

"Inua kiti cha nyuma," alisema. "Karatasi ya kazi ipo kwenye springi. Sikutaka tufike huko."

Hakuna mtu pale asiyeijua karatasi hiyo. Ilisafiri na gari kwenye laini, kila fundi akagonga muhuri wa namba yake, na mwisho wa safari mtu akaisokomeza ndani ya kiti badala ya kuitafutia pipa la taka. Duane alikiinua kiti kwa nguvu zote za mtu anayekwenda kumuumbua mwongo. Karatasi ilikuwepo, ya manjano, imetafunwa na panya pembeni. Akaisoma kwa sauti ili hata wachoma soseji wasikie.

"Novemba 19, 1973. Milango, 230. Taa, 96. Mshono wa nyuma kushoto..."

Yule mwenye haradali akachungulia begani kwake, akammalizia: "Mia nne kumi na saba."

Safari hii hakuna aliyecheka. Jua lilikuwa kali, lakini Duane alifunga vifungo vya koti lake hadi chini, mkanda ukafichika. Labda alistahili kuhurumiwa, ila pale uwanjani sikuona mwenye huruma ya kumgawia.

"Basi ni wa kiwandani," alisema Lorraine taratibu.

Duane alianza kuikunja karatasi, akaona kuna mstari mmoja bado, chini kabisa, wa mkaguzi. LIMEPITA, ilikuwa imeandikwa kwa kalamu, kwa mwandiko wa mtu aliyetulia, na pembeni muhuri wa namba yake. Huo hakuusoma kwa sauti. Alitia mkono mfukoni, akautoa ufunguo wa Lorraine, akaiweka namba ya shaba kando ya namba ya muhuri.

Themanini na nane, na themanini na nane.