Salamu Nje ya Mahakama

Haitham alikuwa akingoja rufaa yake kwenye benchi la mahakama ya Chake, pingu kazifunika kwa kofia, pale bibi kizee alipokuja kukaa ubavuni pake.

Alimtambua papo hapo. Ndiye jirani aliyeapa kwamba alimwona yeye Haitham, usiku, kwa mwanga wa kibatari, akimkata mume wa bibi huyo panga na kubeba karafuu zao. Kwa kiapo hicho tu, kafungwa miaka thelathini.

"Asalamu alaykum, mwanangu. Wazima huko kwenu?"

Tangu vyama vya siasa viingie kijijini, majirani hata maziko hawakuzikana, na bibi huyu hakuwahi kuitikia salamu yake. Kumbe hata mchana kweupe, ana kwa ana, bibi hamtambui.

Askari aliyemlinda naye alikwisha fahamu. "Mtajie jina lako," alimnong'oneza. "Hakimu nitamwambia mimi kwamba hakukutambua."

Lakini tangu afungwe, hapana mtu aliyemwamkia Haitham.

"Umekonda, baba," bibi alisema, akimgusa shavu kwa kiganja kikavu. "Huna mama?"

"Sina, bibi."

Karani alitokeza mlangoni, akaliita jina lake kwa sauti.

Haitham hakuinuka; kiganja cha bibi kingali shavuni pake.