Maswali ya Mzee Rugaibula

Mzee Rugaibula alikunja mkono wa shati hadi begani, akautazama mkono wake mkavu, kisha akalikunjua shati tena.

“Bado,” alisema. “Nina swali lingine.”

Nancy alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa ametoka Nshambya alfajiri, akapanda magari mawili hadi Buganguzi, akambembeleza baba yake migombani mpaka mzee akakubali kufika hapa, kwenye baraza la ghala la kahawa, achanjwe korona. Mwaka jana ugonjwa huo ulimchukua mama yake. Tangu hapo simu yoyote kutoka kijijini ilimtetemesha Nancy hata kabla hajaipokea. Akibaki yatima kwa ubishi wa mzee huyu, hatajisamehe.

“Wewe nesi,” mzee alipaza sauti, “ni kweli hii sindano inamaliza nguvu za kiume?”

“Tata!” Nancy alimnong’oneza baba yake, uso ukimwaka kwa aibu.

Wanaume waliokuwa wakishusha magunia ya kahawa walisimama. Mmoja alisogea, na wenzake wakamfuata. Nesi Hafidha hakuonekana kuchukizwa hata kidogo. Alilishika tumbo lake la mimba, maana alikuwa amekaribia kujifungua.

“Mume wangu alichanjwa zamani, mzee. Muulizeni huyu aliyemo humu.”

Watu waliangua kicheko. Kina mama waliokuwa wakianika kahawa nao waliacha kazi, wakaja kusikiliza. Nancy peke yake hakucheka. Saa nane gari la chanjo lilipaswa kuondoka, na dereva alikuwa ameshaanza kufunga milango ya nyuma. Nancy alimkimbilia, akamsihi, akarudi mbio, akamkuta baba yake ameanza swali jingine, eti waliochanjwa watakufa wote baada ya miaka miwili. Nesi alijibu taratibu, kana kwamba hana safari.

“Tata, waitu, wanaondoka!” Nancy alimsihi.

“Waende wapi? Chupa moja ya chanjo ni ya watu wengi. Hawaifungui kwa ajili ya mtu mmoja.” Mzee alinyoosha shingo kutazama umati. “Clavery amefika?”

Clavery! Huyo ndiye aliyekuwa akimjaza baba yake maneno kilabuni, wakipokezana kibuyu cha rubisi na kuapa kwamba sindano haitagusa ngozi zao. Nancy aligeuka, akamwona amejibanza nyuma ya nguzo, amekunja uso. Sasa imekwisha, aliwaza. Hao wawili wakianza kuungana mkono, baba hachanjwi leo wala kesho. Machozi yalimlenga.

“Nimemzika mama, halafu nikuzike na wewe?” alisema, na safari hii hakujali nani anasikia.

Mzee alimtazama binti yake. Kisha alikunja tena mkono wa shati, akaketi kwenye kiti cha plastiki.

“Haya. Mkiona nimeanguka, mnizike ubavuni mwa mke wangu.”

Hakuna aliyecheka. Clavery alitoka nyuma ya nguzo akiwa ameshavua koti.

“Kama hata Rugaibula huyu ninayemjua mimi ameketi,” alisema, “basi niwekeni nyuma yake.”

Mara foleni ikajipanga, wanaume wa magunia, kina mama wa kahawa, hata dereva wa bodaboda aliyekuwa amesimama tu kutazama ugomvi. Nesi alifungua chupa. Nancy alimshika baba yake bega, akiogopa asije akanyanyuka tena.

Nesi aliinama karibu na sikio la mzee, na Nancy pekee ndiye aliyesikia.

“Dozi ya kwanza, pale Muleba mjini, nilikuchoma mkono huuhuu. Hii ya pili nayo nichome hapahapa?”

“Hapahapa,” alinong’ona mzee. “Ila usicheke, watatushtukia.”