Jina la Mkwe

Enyi wenye watoto, tegeni sikio. Siku viwango vipya vya tovuti za serikali vilipoanza, nywila zilifutwa zote. Mzazi alitambuliwa kwa sauti, jinsi anavyomwita mwanawe kwa jina lililoandikishwa, maana simu zilikuwa zimekwisha kuwasikiliza watu majumbani mwaka mzima. Hata mlango wa zahanati ulifunguliwa na tovuti.

Tusekile alisimama mlangoni hapo, mtoto mgongoni akichemka kwa homa kama chungu.

"Mwite mwanao kwa jina lake kamili," simu ikasema.

Akasita. Mtoto alirithi jina la baba mkwe, na kwao mke halitamki jina la mkwe wake hata umkabe koo. Nyumbani alimwita Baba, basi.

"Baba," akasema.

"Hilo si jina lake. Rudia."

Mama mkwe wake, Subilaga, akamsukuma begani. "Litaje, mwanangu! Mwenyewe yuko kaburini, hatakuuma. Aibu nitaibeba mimi."

Tusekile akafumba macho. "Ambakisye."

Simu ikajibu: "Sauti hii haijawahi kumwita mtoto huyu kwa jina hili. Wewe si mzazi wake. Tafadhali usiondoke, maofisa wanakuja."

"Nimemzaa mimi!" Akamshusha mtoto, akamkumbatia kifuani. "Ambakisye! Ambakisye, niitikie!"

Mtoto akageuza shingo polepole, akatazama nyuma, aone ni nani huyo anayeitwa na mama yake.