Taya Sakafuni

Masikio ya Bi Havijawa, mfuga nyoka, yalikuwa yamekaribia kufa. Jirani alilazimika kumpigia ukelele: "Mwanao Salehe alikuja jana. Kapiga hodi tatu, hukuitika. Kaona bado una kinyongo naye, kaenda zake. Kasema atajaribu leo tena, kisha basi."

Kinyongo kilikwisha zamani. Angeuacha mlango wazi, lakini majirani walishamwapisha: mlango wa mwenye nyoka haukai wazi.

Ndani ya kizimba cha kioo, chatu alikuwa amelaza taya chini. Watu humwita kiziwi kwa kuwa hana matundu ya masikio. Bi Havijawa alijua kwamba hatua za mtu hupita ardhini, zikapanda mfupa wa taya mpaka kwenye sikio lililofichika ndani ya fuvu.

"Haya, tusikilize sote," akamwambia. Akalala kifudifudi, akabandika taya kwenye saruji ya baridi.

Alasiri ilikuwa inakwisha mfupa ulipotetema. Hatua zilikuja, zikakoma mlangoni. Chatu akainua kichwa. Bi Havijawa akajikokota mpaka kwenye komeo, asijue kama hodi inayopigwa nje ilikuwa ya kwanza au tayari ya tatu.