Mzigo Uliotangazwa

"Bastola moja," mwenye bucha alisema, kwa sauti ya mtu anayeagiza kilo ya nyama, akaliweka kasha juu ya kaunta.

Karani wa ndege hakushtuka, ndiyo kazi yake. Alimwita askari wa uwanja, kasha likafunguliwa. Askari aliichomoa bastola kwenye sponji iliyokatwa kwa umbo lake, akaikagua, akaona haina kitu. Risasi kumi na mbili zilikuwa kwenye kiboksi chake pembeni, kama sheria inavyotaka. Mwenye bucha akajaza fomu kwa mwandiko mzuri, kila herufi mahali pake. Mbele ya watu wenye sare alikuwa raia mwema kupindukia.

Kisha akabana kufuli la shaba na kuurudisha ufunguo shingoni, ulikoning'inia kwenye mkufu. Askari akamwambia anavyojua yeye makufuli ya namna ile huuzwa na funguo mbili. Wa pili uko wapi?

"Aliupoteza mke wangu."

Hakusema kwamba siku ulipopotea alimng'oa mkewe meno mawili kwa ngumi, kisha akamlazimisha autafute ufunguo kwa magoti, sakafuni, juu ya damu yake mwenyewe. Mwanamke aliapa hajauona. Alipomvunja mkono na bado akaapa vilevile, ndipo alipoamini. Wiki tatu baadaye, mkono ungali kwenye plasta, mke akatoroka.

Kasha likaondoka kwenda kwenye tumbo la ndege, naye akapanda juu, akafunga mkanda, akaomba juisi.

Miezi saba alikuwa akimtafuta. Mwisho binamu yake, dalali wa vyumba, ndiye aliyempigia simu kutoka mji huu anakokwenda. Amemwona shemeji. Anakaa peke yake, mlango wa kijani, anatoka alfajiri na kizibao cha njano kinachong'aa, anarudi saa nane mchana. Mwenye bucha alicheka hadi akakohoa. Kumbe mke wake, mke wa mtu mzima na heshima zake, ameishia kufagia barabara!

Alikuwa na utaratibu wake, mshenzi huyu. Nyumbani, kabla ya kila kipigo, aliliweka kasha mezani, akamketisha mkewe kulikabili, akalifungua kufuli taratibu. Bastola haikuwahi kulia. Ililala tu pale mezani, ngumi zikafanya kazi. Safari hii ingelia. Alishaamua, na tangu aamue alikuwa akilala usingizi mzuri.

Ndege ilipotua, masanduku ya wenzake yalitoka mapema. Lake lilichelewa, maana mzigo wa silaha haupitishwi kwenye mkanda wa mizigo pamoja na mingine, huletwa kwa mkono hadi dirisha la polisi. Alisubiri nusu saa nzima, akinung'unika na kuangalia saa. Hatimaye likaja. Kufuli lilikuwa palepale, uzito uleule.

"Fungua uhakikishe, mzee," askari wa dirishani alimwambia.

Akajibu kwamba mzigo wake anaujua, na kwamba yeye si mtu wa kufunguafungua mambo mbele ya watu. Askari akamsukumia karatasi. Imepokewa kamili: bastola moja, risasi kumi na mbili. Akasaini, na saa akaandika.

Mlango wa kijani aliupata bila shida. Kwa bega moja bawaba zikang'oka. Bibi wa chumba cha jirani akatoka na ufagio, akamuuliza yeye nani na anataka nini. Mwenye bucha akamsukuma. Bibi wa watu akagonga kichwa ukutani, akateleza hadi chini, damu ikimchuruzika sikioni. Akamburuta hadi chumbani kwake, akamfungia kwa nje.

Ndani palikuwa na kitanda, meza, viti viwili na sufuria moja safi. Sahani ya udongo ilikuwa mezani, akaitupa ukutani. Akauegesha mlango mahali pake, akaliweka kasha mezani, akaketi. Angeweza kulifungua wakati huo huo na kujaza risasi. Lakini hapana, alitaka mwanamke aone kufuli likifunguka, kama zamani. Hiyo ndiyo iliyokuwa raha yake.

Saa nane na dakika chache akasikia hatua.

Mkewe aliusukuma mlango uliovunjika, akaingia. Alivitazama vigae vya sahani, akamtazama yeye. Mwenye bucha alikuwa amejiandaa kumziba mdomo, ila hakikutoka kilio. Mwanamke alivuta kiti, akaketi kulikabili kasha, kabla hajaambiwa.

"Afadhali hujasahau adabu," mwenye bucha akamwambia.

Akautoa ufunguo shingoni. Akauingiza taratibu, macho yake usoni kwa mkewe, akiusubiri ule mtetemeko wa midomo aliouzoea. Haukuja. Amenenepa mabega, aliwaza, kama mtu anayenyanyua vizito kutwa. Kizibao cha njano kilikuwa na picha ndogo ya ndege kifuani, na chini yake neno MIZIGO. Mkono wa kulia ulikuwa mfukoni.

Kufuli likaachia. Akainua kifuniko.

Kwenye sponji, ndani ya lile umbo la bastola, palikuwa na jiwe. Juu ya jiwe palikuwa na ufunguo mdogo wa shaba.

"Niliuona, mume wangu," mkewe alisema, akautoa mkono mfukoni.