Kanga, Bibi Kobe na Maneno ya Chiriku

Haya niliyapata kwa Chiriku mwenyewe, na Chiriku huongeza chumvi kidogo tu.

Kanga alikuwa akiatamia mayai yake kwenye mchanga wa korongo kavu. Jirani yake, Bibi Kobe, ndiye aliyemwonyesha mahali. "Tangu utoto wangu," alisema, "vuli haiji mpaka mgunga utoe maua. Na mgunga ule hauna hata ua moja. Tulia, mwanangu."

Asubuhi moja Chiriku akatua, domo wazi. "Mmesikia? Sisimizi wanahama! Wamebeba mayai yao wanapanda kilimani, hata kuaga hawakuaga!"

"Mbeya we!" Kobe akafoka. "Sisimizi wa juzi wanajua nini habari za vuli?"

Kanga akautazama mgunga, akayatazama mayai yake. "Nisamehe, bibi. Mgunga ukikosea, wenyewe hauna mayai ya kupotea."

Akaanza kuyaviringisha moja moja hadi kilimani. Kobe akacheka mpaka kichwa kikazama gambani.

Yai la mwisho lilipofika juu, mvua ikamwagika na korongo likafurika. Kanga akaangua kilio. "Maskini Bibi Kobe! Kafa na mgunga wake!"

"Nani kafa?" likauliza jiwe la pembeni, likatoa kichwa.

"Bibi! Si ulisema ni umbeya?"

"Mdomo ndio uliosema, mwanangu. Miguu ilikuwa imeshasikia, na kwa mwendo wangu ilibidi itangulie."

Kisha akamgeukia Chiriku. "Hebu sogea hapa. Na masika je, sisimizi wanasemaje?"